Nchi ya Kuzaliwa katika Bahati Nasibu ya Viza ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudiwa kila msimu na watu wanaocheza DV, yaani bahati nasibu ya viza ya Marekani ambayo mitaani huitwa lotari ya Green Card. Yote yanazunguka jambo moja: nchi uliyozaliwa, na karatasi za kuithibitisha. Masuala ya picha, elimu na ada hayamo.

Mwezi Desemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuusimamisha mpango huu. Sheria iliyouanzisha haijafutwa kwa tangazo hilo, na kanuni za nchi ya kuzaliwa zinazoelezwa humu ndizo za sheria hiyo, lakini kabla ya kutumia muda au fedha hakikisha kwanza hali ya mpango kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Marekani.

## Mambo ya msingi

Kwa nini huangaliwa nchi niliyozaliwa badala ya uraia wangu?

Mpango huu ulianzishwa na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990, na viza zake za kwanza zilitolewa katika mwaka wa fedha 1995. Lengo lilikuwa kuwapa nafasi watu kutoka nchi zilizopeleka wahamiaji wachache Marekani. Sheria ilitenga viza 55,000 kwa mwaka, ambapo hadi 5,000 huweza kukatwa kwa ajili ya mpango mwingine uliopitishwa mwaka 1997, na hakuna nchi moja inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza zilizopo. Ili mgawanyo huo uhesabike, kila mwombaji lazima aandikwe chini ya nchi moja, na sheria ikachagua nchi ya kuzaliwa.

Ukitazama vizuri, uchaguzi huo una mantiki yake. Uraia hubadilika: mtu anaweza kuuomba, kuupoteza, kuukana au kuwa na wa nchi mbili, lakini mahali alipozaliwa ni pamoja tu.

Nchi zipi haziruhusiwi kushiriki?

Nchi iliyopeleka wahamiaji zaidi ya 50,000 Marekani katika miaka mitano iliyotangulia huondolewa kwa mwaka huo. Miongoni mwa zilizokaa nje kwa miaka mingi ni India, China, Pakistan, Bangladesh, Ufilipino, Meksiko, Brazili na Kanada. Barani Afrika, Nigeria imekuwa nje tangu DV-2015, yaani msimu wa viza za mwaka wa fedha 2015. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Oman zimekuwa ndani katika misimu ya karibuni.

Orodha hubadilika. Uingereza, iliyokuwa nje kwa muda mrefu, iliruhusiwa katika DV-2025, na Kuba ikaondolewa katika DV-2026. Kwa hiyo usitegemee orodha aliyokutumia jamaa yako mwaka juzi. Soma maelekezo ya msimu unaocheza.

Pasipoti yangu ni ya nchi nyingine na ile niliyozaliwa. Niandike ipi?

Andika uliyozaliwa. Mzee mwenye pasipoti ya Oman aliyezaliwa Mkunazini, Unguja, mwaka 1958, ambaye familia yake ilihamia Maskati, anahesabiwa kuwa mzaliwa wa Tanzania, na jina lake linaingia katika kapu la Afrika, yaani kundi la waombaji wa eneo hilo. Mjukuu wake aliyezaliwa Maskati anahesabiwa Oman, kapu la Asia, hata akiwa na pasipoti ya Tanzania na akizungumza Kiunguja kitupu nyumbani.

Namba ya kesi atakayopewa mtu akichaguliwa inaonyesha jambo hilo waziwazi. Baada ya mwaka hufuata herufi mbili za eneo: AF kwa Afrika, AS kwa Asia. Mzaliwa wa Maskati atakayeona AF kwenye barua yake ana sababu ya kuichunguza upya fomu aliyotuma.

Na nchi ninayoishi sasa je?

Haina uzito wowote katika kustahili. Mkenya aliyezaliwa Kisumu na anayefanya kazi Doha ni mzaliwa wa Kenya. Makazi huingia pale tu inapopangwa ni ubalozi gani utakaokuhoji.

## Kujaza fomu

Nchi yangu imebadilisha jina au mipaka tangu nizaliwe. Niandike jina gani?

Andika jina linalotumika leo kwa mahali ulipozaliwa. Aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1985 cheti chake kinasema Zaire, lakini kwenye fomu ataandika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliyezaliwa Tanganyika au Zanzibar kabla ya Muungano wa Aprili 1964 ataandika Tanzania. Aliyezaliwa Juba mwaka 1990 ataandika Sudan Kusini ingawa wakati huo nchi ilikuwa moja, na wa Asmara ataandika Eritrea hata kama alizaliwa ikihesabiwa sehemu ya Ethiopia.

Cheti chenye jina la zamani hakina kasoro, na hakuna haja ya kwenda kukibadilisha. Maofisa wanaijua historia hiyo.

Wanaotoka Visiwa vya Komoro wawe waangalifu kidogo. Mayotte bado ni sehemu ya Ufaransa, kwa hiyo aliyezaliwa Mamoudzou huhesabiwa Ufaransa na kuingia kapu la Ulaya, wakati binamu yake wa Moroni yumo katika kapu la Afrika.

Kwenye orodha ya nchi kuna Kongo mbili. Yangu ni ipi?

Kama ulizaliwa Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie, Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, yako ni Jamhuri ya Kidemokrasia. Jamhuri ya Kongo bila neno "Kidemokrasia" ni ile ya Brazzaville, ng'ambo ya mto.

Swali hili linaonekana la kitoto mpaka uone jinsi fomu nyingi zinavyojazwa. Mtu yuko steshenari, nyuma yake kuna foleni ya watu watano, mjazaji ndiye mwenye kipanya, na orodha ya nchi inashuka kwa Kiingereza: neno Congo linatokea, chini yake linatokea tena, na mkono unabonyeza moja kabla jicho halijamaliza kusoma. Mteja anapewa karatasi ya uthibitisho, anaikunja, anaitia mfukoni. Miezi saba baadaye ndipo anapoisoma. Isome palepale kabla mjazaji hajabonyeza kutuma, na ukitoka hapo ondoka na karatasi hiyo pamoja na namba yake, kwa sababu bila namba hiyo huwezi kuangalia matokeo yako mwenyewe.

Sehemu ya mji wa kuzaliwa niandike kijiji, wilaya au mkoa?

Maelekezo yanataka jina la mji pekee, bila wilaya, mkoa wala nchi. Kama ulizaliwa kijijini, andika jina la kijiji au mji ulioandikwa kwenye cheti chako. Kama hujui kabisa, fomu ina kisanduku cha kuonyesha kwamba mji haujulikani.

Mji si kigezo cha kustahili, nchi ndiyo kigezo. Hata hivyo mji ulioandikwa kwenye fomu utalinganishwa na cheti, kwa hiyo chukua cheti mkononi unapojaza, usitegemee kumbukumbu.

Nimegundua nilichagua nchi isiyo sahihi. Naweza kurekebisha?

Fomu ikishatumwa haifunguliwi tena. Wala usitume nyingine, maana kila mtu anaruhusiwa maombi moja kwa msimu na anayetuma zaidi huondolewa.

Kwa kawaida kosa la nchi huua maombi, na mara nyingi huua siku ya usaili, wakati mtu ameshalipa ada na vipimo vya afya. Mwongozo wa maofisa unaacha upenyo mdogo kwa kosa lenye maelezo ya kuaminika ambalo halikumpa mwombaji faida yoyote, kwa mfano kuchagua nchi nyingine ndani ya eneo lilelile. Aliyechanganya Kongo mbili ana hoja ya kutoa mbele ya ofisa. Aliyezaliwa Lagos, Nigeria, akaandika Kotonou, Benin, hana, kwa sababu kosa lake ndilo lililomwingiza mchezoni.

## Njia mbili kwa aliyezaliwa katika nchi isiyoruhusiwa

Nilizaliwa India, lakini wazazi wangu ni Watanzania. Nimekosa?

Si lazima. Kama ulizaliwa katika nchi isiyoruhusiwa, na siku uliyozaliwa hakuna mzazi wako yeyote aliyekuwa mzaliwa wala mkazi wa nchi hiyo, unaweza kutumia nchi ya kuzaliwa ya mmoja wa wazazi wako, mradi iwe inaruhusiwa.

Chukua mfano wa familia ya Mwanza. Mama alikwenda Mumbai kwa matibabu akiwa mjamzito, akajifungulia huko mwaka 1994, na baada ya wiki chache akarudi na mtoto. Mama ni mzaliwa wa Tabora, baba wa Mwanza. Mtoto huyo atajaza India kama nchi ya kuzaliwa, kisha katika swali linalofuata, linalouliza nchi anayodai kustahili kwayo, atajaza Tanzania. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: huandika Tanzania katika sehemu zote mbili wakidhani wanarahisisha, kumbe wameandika uongo katika ya kwanza.

Sasa badilisha jambo moja tu: baba ni mzaliwa wa Gujarat aliyehamia Mwanza akiwa na miaka 6. Njia imefungwa, hata kama mama ni wa Tabora, kwa sababu sharti linawahusu wazazi wote wawili. Watoto wengi wa familia zenye asili ya Kihindi hapa Afrika Mashariki hukwama katika kifungu hiki bila kujua.

Kuhusu ukazi, mtu aliyekuwa mgeni, mwanafunzi wa muda, au aliyepelekwa kikazi kwa muda na kampuni au serikali ya nchi nyingine kwa kawaida hahesabiwi mkazi. Mtoto wa mwanadiplomasia wa Kenya aliyezaliwa Abuja ana nafasi. Mtoto wa mfanyabiashara aliyekuwa na makazi ya kudumu huko hana.

Anayepita njia hii abebe vyeti vya kuzaliwa vya wazazi pamoja na ushahidi wa kwa nini walikuwa huko: pasipoti za zamani zenye mihuri, barua ya hospitali, barua ya mwajiri au ya chuo.

Mimi ni mzaliwa wa Nigeria na mke wangu ni mzaliwa wa Uganda. Naweza kutumia nchi yake?

Unaweza, kwa masharti: wote wawili muwe mmetajwa katika maombi yaliyochaguliwa, wote wawili mpewe viza, na muingie Marekani pamoja. Huwezi kutangulia ukapange nyumba kisha yeye akufuate. Kwa maoni yangu ni salama zaidi mke ndiye awe mwombaji mkuu na mume awe tegemezi, kwa kuwa hapo hakuna haja ya kutumia kifungu cha pekee.

Tumeoana baada ya kutuma fomu. Nchi ya mwenzangu bado inanisaidia?

Hapana. Mwenzi wa baada ya fomu anaweza kuongezwa kama tegemezi, kwa ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, lakini hakuwa kwenye maombi yaliyochaguliwa, kwa hiyo nchi yake haiwezi kukubeba.

Vipi kuhusu babu, ndugu au mtoto wangu?

Hakuna. Nchi hupitia kwa mzazi au mwenzi tu. Mtoto anaweza kutegemea nchi ya mzazi, lakini mzazi hawezi kutegemea ya mtoto.

## Karatasi za kuthibitisha

Ni cheti gani hasa kinachokubaliwa?

Ni cheti cha kuzaliwa kilichotolewa na mamlaka ya kiserikali inayotunza rejista, kikionyesha jina lako, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na majina ya wazazi wote wawili. Tanzania Bara mamlaka hiyo ni RITA. Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kenya ni idara ya usajili wa raia, na Uganda ni NIRA. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ukurasa wa kila nchi unaoeleza cheti kipi kinatambuliwa na kinatoka ofisi gani. Usome wa nchi uliyozaliwa.

Tangazo la kizazi linalotolewa na hospitali, kadi ya kliniki, na cheti kifupi kisicho na majina ya wazazi havitoshi peke yake. Usivitupe lakini, kwa sababu inayoelezwa katika jibu linalofuata.

Nilizaliwa 1991 lakini cheti nilikipata 2023. Kitakataliwa?

Usajili wa kuchelewa ni halali, na maofisa wanaoshughulikia Afrika Mashariki wanauona kila wiki. Kinachowafanya wasite ni cheti kilichosajiliwa muda mfupi kabla ya usaili bila kitu chochote cha zamani nyuma yake. Ofisa atatazama tarehe ya kuzaliwa, atashuka hadi tarehe ya usajili, ataona pengo la miaka 32, na swali lake litakuwa moja: aliyesajili alitegemea nini?

Jibu zuri ni karatasi iliyochakaa. Kadi ya kliniki yenye uzito wa mtoto ulioandikwa kwa kalamu ya wino na pembe zilizoliwa na mende ina nguvu kuliko vyeti vitatu vipya vya plastiki, kwa sababu iliandikwa wakati hakuna aliyekuwa akiifikiria Marekani. Kwa Wakristo, cheti cha ubatizo uliofanyika punde baada ya kuzaliwa husaidia sana kikiwa na mahali pa kuzaliwa na majina ya wazazi. Familia za Kiislamu kwa kawaida hazina karatasi inayolingana nacho, kwa hiyo watafute rejista ya shule ya msingi, kadi ya kliniki, au kumbukumbu ya hospitali aliyojifungulia mama.

Nilizaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi na sina cheti kabisa. Nifanye nini?

Kwanza jaribu kusajiliwa. Kama bado inawezekana kukipata, ubalozi utataka cheti chenyewe. Kwa mzaliwa wa Kongo aliyepitwa na muda wa kuandikishwa, njia ya kawaida ni hukumu ya mahakama inayoamuru cheti kiandikwe; peleka hukumu hiyo pamoja na cheti kilichotokana nayo.

Kama haiwezekani, unahitaji vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni barua ya mamlaka ya usajili inayosema kwamba kumbukumbu haipo na kwa nini. Cha pili ni ushahidi mbadala: cheti cha ubatizo, au hati ya kiapo ya ndugu wa karibu, ikiwezekana mama mzazi, inayotaja tarehe, mahali, majina ya wazazi wote na jina alilotumia mama kabla ya kuolewa. Barua ya serikali ya mtaa huongeza uzito lakini haichukui nafasi ya barua ya msajili. Hati ya kiapo iseme mambo ambayo aliyeapa aliyaona: nyumba ya nani, kijiji gani, mkunga nani. Kiapo cha mistari miwili kilichochapwa kwa fomu ya wakili, kisichotofautiana na cha mtu mwingine isipokuwa jina, hakimsaidii mtu.

Cheti kinasema Kasulu, pasipoti inasema Kigoma. Ni tatizo?

Kwa kustahili, hapana. Zote ziko Tanzania. Eleza kwamba Kasulu imo mkoani Kigoma na uliyejaza pasipoti uliandika mkoa. Tatizo huja pale karatasi mbili zinapotaja nchi mbili. Hapo itabidi urekebishe ile yenye makosa katika ofisi iliyoitoa, na ofisi hizo hazikimbii, wakati viza ya DV lazima itolewe kabla ya mwaka wa fedha wa Marekani kwisha tarehe 30 Septemba. Anza siku unayojua umechaguliwa.

Kumbuka pia kwamba ofisa anaweza kuona maombi yako ya viza ya zamani. Aliyeandika Bujumbura mwaka 2016 alipoomba viza ya masomo, kisha akaandika Kigoma kwenye DV, ataulizwa.

Nyaraka zangu ni za Kifaransa. Zitafsiriwe?

Karatasi isiyo ya Kiingereza wala lugha rasmi ya nchi unakohojiwa huhitaji tafsiri ya Kiingereza yenye tamko lililosainiwa na mtafsiri. Cheti cha Kifaransa cha Bukavu kitapita Kinshasa kama kilivyo, lakini Nairobi kitahitaji tafsiri.

## Hali zisizo za kawaida

Nilizaliwa kambini Nyarugusu kwa wazazi wa Kikongo. Mimi ni wa wapi?

Umezaliwa Tanzania. Nyarugusu iko mkoani Kigoma, na kambi haina nchi yake. Vivyo hivyo aliyezaliwa Kakuma au Dadaab ni mzaliwa wa Kenya. Kuandikwa hivyo hakukupi uraia wa Tanzania wala hakukunyang'anyi wa Kongo.

Najua jibu hili huwauma wengine, hasa waliokulia kambini wakiambiwa kila siku kwamba hapa si kwao. Swali la fomu ni la jiografia peke yake. Karatasi za shirika la wakimbizi zenye mahali pa kuzaliwa zihifadhiwe, nazo ni ushahidi mzuri wa nyongeza.

Kama nchi ya kuzaliwa ndiyo inayohesabiwa, mbona marufuku ya kuingia Marekani yanataja uraia?

Ni sheria mbili tofauti. Maagizo ya rais wa Marekani ya mwaka 2025, ambayo mwezi Juni yaligusa Somalia na Burundi miongoni mwa nchi nyingine, hutazama uraia. Hivyo Mrundi aliyezaliwa Kigoma anastahili DV kama mzaliwa wa Tanzania, na wakati huohuo anaweza kuzuiwa kupewa viza kwa sababu ya pasipoti yake. Kuandika nchi nyingine kwenye fomu hakuondoi kizuizi hicho, ila huongeza cha pili: kosa la kudanganya kwa makusudi ili kupata viza, ambalo humfungia mtu mlango wa Marekani moja kwa moja.

Mama alijifungulia Busia upande wa Uganda, lakini cheti changu ni cha Kenya. Niandike nini?

Andika Uganda, ikiwa una hakika ndiko ulikozaliwa. Watu wa mipakani, iwe Busia, Namanga, Tunduma au Gatumba, hujifungulia palipo na hospitali ya karibu na kusajili palipo na ofisi rahisi, na kwa maisha ya kila siku hilo halimsumbui mtu.

Kwa DV linasumbua, kwa sababu fomu yako itasema Uganda na cheti kitasema Kenya. Kwa kuwa nchi zote mbili zinaruhusiwa na ziko eneo moja, hakuna faida uliyotafuta, lakini cheti chenye mahali pasipo sahihi bado ni cheti chenye uongo ndani yake. Nenda kwenye hospitali ya Busia ya Uganda ukaombe kumbukumbu ya kuzaliwa kwako, tafuta usajili wa NIRA kwa kumbukumbu hiyo, na cheti cha Kenya kishughulikiwe na msajili aliyekitoa. Kama rejista ya hospitali imepotea, fuata utaratibu wa asiye na cheti ulioelezwa juu, na mama mwenyewe, akiwa hai, ndiye aape kwamba siku ile alivuka mpaka.